Mshiriki wa Kumi na Nne

Begi kubwa lilikuwa limeshaingia kwenye buti, la pili liko mlangoni linagombana na zipu yake, na baba mdogo ameshapiga honi mara moja kuonyesha kwamba yeye si mtu wa kusubirishwa, pale mtafiti alipofungua ripoti ya mchumba wake na kukutana na maneno aliyoyajua.

Alikuwa amepewa ripoti ile iwe zawadi ya kuagana. Kijana aliichapisha nakala moja tu, akaitia kwenye jalada la bluu, akamwekea mapajani pale sebuleni na kumwambia asome ukurasa wa kwanza na wa mwisho, maana katikati ni takwimu, na takwimu hazijawahi kumliwaza mtu anayeachwa nyuma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa shukrani, na jina lake lilitangulia yote. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe, isipokuwa mistari miwili katikati kwa herufi kubwa:

"Ukiitia ufunguo saa ya marehemu, humfufui mtu. Unakataa tu kufunga duka lake."

Chini yake pameandikwa: Sauti kutoka mtandaoni. Na ukifunua, kinakuja kichwa cha habari: mtindo wa kwanza wa mwaka ujao, kuvaa sauti za waliotutoka.

Mtafiti aliinua macho. Ukutani mbele yake ilining'inia saa ya zamani ya mbao ambayo namba yake ya sita iling'oka, pakabaki doa. Chini ya saa hiyo, kwenye kiti chake cha siku zote, alikaa mama wa kijana. Mwanawe yuko mlangoni anasafiri, lakini mama hakuwa akimtazama mwanawe. Alikuwa akimtazama yeye.

Turudi nyuma kidogo, ili asiyejua ajue.

Kijana alikuwa mtabiri wa mitindo. Kazi hiyo ipo, ingawa baba mdogo wake alikuwa hajaikubali, na kila walipokutana alimuuliza kama kweli analipwa kwa kuwaambia watu kwamba mwakani watavaa suruali. Kampuni za nguo, za simu na za vipodozi hununua ripoti zinazowaeleza vijana watapenda nini, watajiita nani na watajipiga picha wamekaaje. Msichana, yule mtafiti, alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu, akichunguza jinsi watu wanavyojitengeneza upya mtandaoni: mpole anakuwa mkali, mzee anakuwa kijana, anayeogopa hata kuagiza chai hotelini ana wafuasi elfu tano wanaomwita kamanda.

Walikutana kwenye kongamano. Kijana alitabiri jukwaani kwa madaha, mkono mmoja mfukoni, mpaka msichana aliyekaa nyuma akanyoosha kidole na kuuliza amehoji watu wangapi. Akajibu, kumi na wawili, na dereva wa teksi aliyenileta. Ukumbi ukacheka. Msichana hakucheka; alisema basi huyo si mtabiri, ni mnajimu. Jina likamganda. Wakati wa chai Mnajimu alimtafuta kikombe mkononi, akamwomba amfundishe kuhesabu, na tangu siku hiyo akawa anamwita Dokta kabla chuo hakijampa ruhusa ya kuitwa hivyo.

Walipendana kwa kubishana. Mnajimu alimwambia kwamba wasomi hufika mpira umeshakwisha, ndipo wanaanza kuuliza nani alifunga. Dokta alimjibu kwamba watabiri hutangaza matokeo timu hazijavaa viatu. Wakicheka hivyo mkono wa mmoja ulikuwa haukosi kuwa juu ya mkono wa mwingine.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Dokta hakulifanyia mzaha. Washiriki wake aliwaita kwa namba, na maneno yao hakuyanukuu kama yalivyo hata siku moja. Aliyavunja, akayasuka upya, mpaka maana ibaki na sura ipotee. Maneno ya mtu mtandaoni, alisema, ni uzi uliofungwa kidoleni kwake: uubandike kwenye kisanduku cha kutafutia, uvute, utamkuta mwenyewe amekaa upande wa pili. Maneno yenyewe hasa yalikaa kwenye daftari, daftari likakaa kwenye droo yenye kufuli.

Sasa ulimi hauna mfupa, na mapenzi mabichi hayana kufuli. Jumapili moja ya mvua, katika kantini ya chuo, Dokta alimsomea Mnajimu ile mistari miwili ambayo mshiriki wa kumi na nne aliiandika kwenye akaunti yake, neno kwa neno, kwa sababu ilikuwa mizuri na alitaka kumgawia mtu, kama unavyomgawia mwenzio upande wa mwavuli. Akamwambia pia kwamba aliyeandika anaishi mtandaoni kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa. Mnajimu alimwomba airudie, kisha akasema marehemu baba yake alikuwa fundi saa. Dokta alidhani ni huzuni tu iliyomfanya aombe hivyo. Ilikuwa huzuni kweli, ila sikio la mtabiri lina mfuko.

Wiki tatu baadaye Dokta akapelekwa nyumbani kwao Mnajimu kuonwa na mama. Alipoinua macho sebuleni akaiona ile saa isiyo na sita, na soda ikamkwama kooni. Aliijua. Ndiyo picha ya akaunti iitwayo Fundi Saa, yenye wafuasi elfu kumi na moja wanaouliza habari za saa zao, na wakishamaliza za saa wanauliza za ndoa zao, za watoto na za magonjwa, na Fundi anawajibu mmoja mmoja kwa subira ya mzee. Fundi Saa ndiye mshiriki wa kumi na nne. Katika mahojiano, ambayo yote yalifanywa kwa maandishi, alikuwa ameeleza kwamba yeye ni mjane. Kwamba mumewe aliifungua akaunti mwaka wake wa mwisho, akafa swali la mteja mmoja halijajibiwa. Kwamba alilijibu ili mtu wa watu asisubiri, kesho yake likaja la pili, na sasa ni mwaka wa sita. Nyumbani kwake hajui mtu.

Miezi minane Dokta alikaa na siri hiyo kama kaa la moto mfukoni. Na miezi minane mama hakumpenda. Alimwambia mwanawe waziwazi kwamba yule binti ana macho ya kuhesabu watu. Posa ikaahirishwa mara tatu: kwanza mguu ulimuuma, kisha jiko lilikuwa linapakwa rangi, halafu Mnajimu akapata kazi katika kampuni kubwa nchi ya mbali, mkataba wa miezi kumi na minane, mama akasema aende kwanza arudi, tuone kama moyo nao utarudi.

Hapo ndipo tulipo. Saa saba na dakika hamsini mchana, ndege saa kumi na nusu.

"Mnajimu," Dokta aliita. "Njoo mara moja."

Alimvuta hadi kwenye korido, baina ya mlango wa bafu na wa chumba. Kijana alikuja anacheka, akidhani anaitiwa busu la mwisho, na kweli uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba Dokta aliona pale wembe ulipomkwaruza asubuhi. Alitamani kuweka kidole pale. Badala yake akainua lile jalada la bluu.

"Hii sentensi itoe."

"Ipi?"

"Unaijua."

Mnajimu aliacha kucheka. Alieleza taratibu, kama anamweleza mteja, kwamba hiyo ndiyo inayobeba ripoti nzima. Kwamba kesho saa tatu asubuhi itasomwa mbele ya wateja arobaini. Kwamba bosi mpya aliipenda kuliko takwimu zote, na yeye mwenyewe aliiweka pale kwa ajili ya baba yake, Mungu amrehemu. Hakuandika jina la mtu. Jina lenyewe hata halijui.

"Halihitajiki jina," Dokta alisema. "Umewahi kuitafuta mtandaoni?"

"Niitafute ya nini, na nimeisikia kinywani mwako?"

Neno likamfika Dokta kwenye ncha ya ulimi. Itafute. Simu ilikuwa mkononi mwa kijana. Angesema neno hilo moja tu, Mnajimu angebandika ile mistari, na kabla hajapumua mara mbili angeiona saa ya kwao, isiyo na sita, na chini yake miaka sita ya mama yake. Sentensi ingefutwa palepale. Safari ingekuwa na amani. Na mshiriki wa kumi na nne angekuwa ameuzwa kwa mwanawe na mtu aliyemwahidi kwa maandishi.

Alilimeza.

"Nilikusomea, sikukupa. Niliahidi, mpenzi."

"Ulimwahidi nani? Mtu usiyemjua?"

Dokta alilikumbatia jalada kifuani, na kulikumbatia kwake ndiko kulikoharibu. Mnajimu alikuwa mtu wa kusoma dalili. Ndiyo kazi iliyomlisha. Alimtazama machoni, akashuka mdomoni, akarudi machoni.

"Kumbe unamjua."

"Tuache hapo."

"Ni mwanamume?"

"Si unavyofikiri."

"Basi niambie nifikirije. Kuna mtu huko anakuandikia maneno kama haya, wewe unayahifadhi kwenye droo, umeyafungia kufuli. Leo naondoka, unaniita pembeni, nadhani unataka kunililia. Kumbe unamlilia yeye." Sauti haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Ni nani?"

Juu ya bega lake, mwisho wa korido, Dokta aliona nusu ya saa ya ukutani, na chini yake kandambili ya mama, ambayo muda wote ilikuwa ikichezacheza kidoleni. Ilikuwa imetulia tuli.

"Siwezi kukuambia."

"Miezi kumi na minane," Mnajimu alisema, "na neno la kusafiria unalonipa ni siwezi."

Honi ikalia tena. Baba mdogo alipaza sauti kutoka nje kwamba ndege haina shemeji wa kumngoja. Mnajimu alirudi sebuleni, akainama kwa mama yake, akakumbatiwa kwa muda mrefu. Alipompita Dokta mlangoni alimgusa bega kidogo, kama mtu anayegusa ukuta kujua rangi imekauka. Zipu ya begi la pili haikuwa imefunga. Alilibeba hivyohivyo, mkono wa shati jeupe unaning'inia nje, na huo mkono wa shati ndio kitu cha mwisho ambacho Dokta alikiona gari lilipokata kona.

Dokta naye angeondoka wakati huohuo. Mkoba ulikuwa begani tayari. Lakini mama alisema, "Kaa," na kwa malezi aliyopewa, mkubwa akisema kaa, unakaa.

Wakakaa. Saa ikawa inagonga juu yao. Dokta alihesabu: kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege dakika arobaini, foleni, ukaguzi. Mpaka saa kumi simu yake ingepatikana. Bado kulikuwa na nafasi ya kumwandikia, kumbembeleza, kutafuta njia ambayo si uongo wala si usaliti. Alikuwa anaitafuta hiyo njia simu yake ilipotetema.

"Sikusubiri kesho," Mnajimu aliandika. "Nimewatumia wateja wote arobaini sasa hivi, nikiwa garini. Hakuna cha kubishania tena. Kaa na siri yako."

Aliusoma ujumbe mara tatu, na mara zote tatu haukubadilika.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Ameituma, Mama," Dokta alijibu, ndipo akakumbuka kwamba mama hakupaswa kujua kilichotumwa.

Mama hakuuliza nini. Aliinama, akaivaa vizuri ile kandambili, akasema polepole, "Korido ya nyumba hii haijawahi kutunza neno. Nimesikia yote." Kisha akasema, "Namba kumi na nne ni mimi. Ila hilo unalijua."

Dokta aliishusha simu mapajani.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa inajua tangu mwanzo. Mama alieleza kwamba ile fomu ya ridhaa aliyotumiwa na chuo ilikuwa na jina la mtafiti chini kabisa, pamoja na simu yake, ili mshiriki akiwa na malalamiko ajue pa kuyapeleka. Mwanawe alipomleta mchumba sebuleni na kutaja jina, alitamani ardhi ipasuke. Alimwona binti anaitazama saa, akaona soda inavyomkwama, akajua kwamba naye amejua. Tangu siku hiyo kila simu ya mwanawe aliipokea kwa hofu. Akiulizwa tu hujambo alidhani ndiyo leo. Alisema hajawahi kuona msichana anayekaa miezi minane na siri ya mama mkwe asimwambie mwanamume wake, hata kwa utani, hata wakigombana. Kwa hiyo, akiwa na hakika kwamba siku moja itamtoka, akaona bora wasioane kabisa.

"Nilingoja useme," mama alisema. "Leo nimekusikia unaachwa, na jibu liko mdomoni."

"Usinisifu, Mama," Dokta alisema. "Ile sentensi kaitoa kwangu. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilikuwa sijajua ni wewe, lakini hata ungekuwa nani, sikupaswa."

Dokta alisubiri kuambiwa yameshapita.

"Hilo ni kosa," mama alisema. "Sitakuambia si kosa."

"Ndiyo, Mama."

"Mpigie. Nipe niongee naye."

Dokta alipiga. Mama aliichukua simu, ikaita mara mbili, akakata haraka na kuirudisha kama imemuunguza.

"Nitamwambiaje?" alisema. "Kwamba miaka sita nimekuwa baba yake?"

Wakapiga tena, haikupokelewa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa, ama kwa hasira ama kwa ukaguzi wa uwanjani, na kwao wawili ilikuwa mamoja. Dokta akawaza wateja arobaini mbele ya skrini arobaini. Mmoja tu anatosha. Mmoja mwenye udadisi, kikombe mkononi, anayebandika mistari miwili kwenye kisanduku na kuvuta uzi.

Uzi ulivutwa saa tisa na robo. Simu ya mama, iliyokuwa juu ya mkono wa kiti, ilitetema. Ikatulia. Ikatetema mara mbili, kisha ikaanza kusogea yenyewe kwa kutetema, ikielekea ukingoni, na wote wawili wakawa wanaitazama kama wanaotazama panya. Mama aliidaka kabla haijaanguka. Alivaa miwani. Dokta aliona midomo yake inasoma.

"Huyu namjua," mama alisema. "Ana saa ya babu yake, ya mfukoni. Mwaka jana alifiwa na mtoto." Akamgeuzia skrini.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Fundi, nimeona mahali wanasema mambo. Wewe upo hai?

"Dokta," mama alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Wewe umesoma mambo haya. Watu kama hawa hujibiwaje?"

"Sijui, Mama. Hilo sikulisomea."

Mama alicheka kidogo kwa pua. Halafu akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akifuta na kurudia, huku ile simu ikimtetemekea mkononi. Alipomaliza alimpa Dokta amsahihishie. Aliandika hivi: Fundi alifariki miaka sita iliyopita. Niliyekuwa nikiwajibu ni mimi mkewe. Habari za saa nilizitoa kwenye daftari lake, nyingine kichwani mwangu. Asiyenitaka tena simlaumu. Mwenye saa iliyosimama aniandikie.

Dokta hakubadilisha hata nukta. Alirudisha simu. Mama alitazama juu, palipokosekana sita, akabonyeza.

Mnajimu, aliyetumiwa taarifa hiyo na mteja mmoja, aliisoma alikoshukia na kuitambua saa ya kwao, amesimama kwenye foleni ya mizigo. Alimpigia mama yake, wakazungumza dakika arobaini, na Dokta alitoka nje kuwapisha. Kesho yake mbele ya wateja aliruka ukurasa wa kwanza, nao wakauliza habari za ukurasa wa kwanza tu. Alifanya kazi ile miezi mitano, akaiacha, akarudi. Sasa yuko ofisi ya takwimu, na baba mdogo anasema hiyo angalau inaelezeka.

Baba mdogo, ambaye marehemu alikuwa kaka yake, hakuongea na shemeji yake kwa miezi miwili. Kisha alimletea saa ya mkononi iliyokuwa inachelewa.

Wafuasi elfu nne waliondoka. Elfu saba walibaki. Mwenye saa ya mfukoni yumo.

Dokta aliandika kosa lake mwenyewe na kulipeleka kwenye kamati ya maadili ya chuo. Mshiriki wa kumi na nne aliondolewa kwenye tasnifu, sura mbili zikaandikwa upya, na shahada ikachelewa mwaka na nusu. Aliipata. Posa haikuahirishwa mara ya nne. Mama alikwenda kuipeleka mwenyewe. Wameoana. Bado wanabishana, lakini hakuna anayemsomea mwenzake cha kwenye droo.

Mtindo uliotabiriwa haukuja. Mwaka ule vijana walipenda suruali pana.